Jiliwa la Mtu Anayekaa Chini

Mwanamke aliyekuja kwenye karakana yangu ya kuchomelea vyuma, pale Kanamkemer, mjini Lodwar, hakujua jina la kitu alichokitaka. Alisimama mlangoni akasubiri nizime mashine, kisha akakunja vidole vya mkono mmoja polepole mpaka vikawa ngumi.

"Nataka ile kitu inauma chuma," alisema. "Niliona kwa watu ya baiskeli, Kakuma. Inauma, haiachi."

Nilimwonyesha jiliwa langu, lililofungwa kwa bolti juu ya meza. Alizungusha mpini wake, akatazama taya mbili zikikaribiana mpaka zikagusana. "Hiyo. Na miguu yake ya kusimamia."

Kabla sijakata chuma huuliza maswali, na majibu huyaandika katika daftari la vipimo. Jiliwa ni la nani? La mume wake, mhunzi. Anafua nini? Akachora duara kwa kidole kuzunguka mkono wake. Abarait. Nilikijua: kisu cha duara ambacho Mturkana huvaa mkononi kama bangili, makali yakiwa nje, yamefunikwa kwa ukanda wa ngozi ili asijikate. Na zamani, akikifua, alikuwa akikishika kwa kitu gani?

"Kwa mguu."

Nikaacha kuandika. Akaeleza kwamba boda boda ilikuwa imemgonga mume wake, na hapo alipokuwa akizungumza nami mzee alikuwa hospitalini Lodwar akibadilishiwa bandeji. Mguu wa kulia ulikuwa umekatwa kidole gumba na kinachofuata.

"Sasa mimi ndiye nashika, na koleo." Alinyoosha mkono wa kushoto juu ya meza yangu. Kucha mbili zilikuwa nyeusi. "Amenigonga mara mbili. Akigonga ya tatu, vikapu nitasuka na nini? Na yeye ameanza kuogopa. Anapiga kama mtu anafukuza nzi. Anasema akimaliza ile chuma imebaki, ataweka nyundo chini. Fundi, mimi ni mke ama ni koleo?"

Nilimuuliza mume wake ana urefu gani. Akainua kiganja juu ya kichwa chake, nami nikaandika. Sikuuliza zaidi, na hilo ndilo kosa langu katika habari hii.

Nilitengeneza stendi nzuri. Miguu minne ya chuma cha pembe, bamba zito juu, jiliwa kubwa la skrubu, na kimo cha kufika kwenye kiwiko cha mtu mrefu aliyesimama, kama nilivyofundishwa. Niliipaka rangi ya kijani. Wiki iliyofuata nikaipakia kwenye lori la saruji na kwenda nayo Kakuma.

Kiwanda cha mhunzi kilikuwa kando ya njia ya Lopur: kibanda cha makuti ya mikoma, moto ndani ya shimo la mchanga, na fuawe la kufulia chuma lililotokana na ekseli ya lori, limezikwa ardhini mpaka likabaki kichwa tu. Mhunzi alikuwa ameketi juu ya ekicholong, kile kigoda kidogo ambacho wanaume hukaa juu yake mchana na kukilalia kama mto usiku. Mke wake alikuwa akivuta mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, mkono huu ukishuka na ule ukipanda, na upepo haukukatika hata kidogo.

"Ejok," nilisema.

"Ejok-nooi."

Nilimuuliza mama anawezaje kuendesha mifuko miwili bila kuchanganya.

"Hiyo haitaki akili," mume wake akajibu kwa niaba yake. Mke akabonyeza mfuko mmoja kwa nguvu, na majivu yakamrukia mzee magotini.

Tuliposhusha stendi, mhunzi aliitazama kuanzia miguuni mpaka juu, kama mtu anayetazama mgeni asiyemjua.

"Huyu anangoja nani?" aliuliza. "Mwambie akae."

Nilimwomba ajaribu hata hivyo. Alijishika kwenye nguzo, akainuka kwa shida, akabana pete ya chuma ya abarait ndani ya jiliwa, akaipiga. Nyundo iliteleza. Akapiga tena, akasimama akihema.

"Moto iko chini," alisema. "Fuawe iko chini. Mimi niko chini. Hii peke yake ndiyo iko juu."

Akalegeza skrubu ili aizungushe pete kidogo, akakaza, akapiga, akalegeza tena. Alipoitoa, taya za jiliwa zilikuwa zimeibonyeza pande mbili. Aliinyanyua tuione kwenye mwanga.

"Hii ni yai. Sasa, fundi, tutafute mtu ya mkono kama yai."

Mke wake hakucheka. Alikuwa ameliokota koleo, akapiga magoti mahali pake palepale kando ya fuawe. Niliona goti lake limeshachimba kishimo mchangani.

Hapo ndipo nilipouliza swali nililopaswa kuuliza Kanamkemer. Nilimwomba mzee anionyeshe kidole kile kilichokatwa kilikuwa kikifanya nini.

Alivua kandambili ya tairi ya mguu wa kushoto. "Hii ni mjinga," alionya. "Nilijaribu kufundisha. Pete iliruka, ikanikata." Akachukua pete iliyopoa. Kidole gumba kikaingia ndani ya pete, vingine vikabaki nje, pete ikabanwa katikati huku ukingo wake ukilala juu ya fuawe. Pigo moja dogo. Kidole kikaachia, mkono wa kushoto ukazungusha pete upana wa ukucha, kidole kikashika. Nilihesabu. Muda ambao skrubu yangu inazungushwa mara moja tu, kidole kile, tena cha mguu mjinga, kilikuwa kimeachia na kushika mara tatu.

Basi tatizo halikuwa nguvu ya kushika. Tatizo lilikuwa kujua kuachia.

Nilipima kila kitu. Kutoka mchangani hadi juu ya fuawe: kiganja na vidole viwili. Kutoka kigodani hadi kisigino kilichonyooshwa. Mwishowe nilichuchumaa mbele yake, nikaweka viganja vyangu juu ya unyayo wa mguu wake wenye kovu na kumwambia asukume. Nilijikuta chali mchangani, daftari kifuani. Sasa mama alicheka, akaliangusha koleo.

"Kisigino hawakukata," alisema mhunzi.

Nilikodi mashine ya kuchomelea mjini Kakuma na kuikatakata ile stendi ya kijani. Siku mbili nilishinda nayo. Bamba la juu likawa bamba la chini: tulilizika mchangani, likafika mpaka chini ya kigoda, ili uzito wa mzee mwenyewe ulizuie lisiyumbe. Kando ya fuawe nilisimamisha kipande cha ekseli ya pikipiki, nene kama kidole gumba, nikakipiga tupa mpaka kikawa na mgongo wa mviringo usioweza kubonyeza pete. Mbele yake niliweka mkono wa chuma uliofungwa kwa bolti katikati, ncha ya juu imevishwa mpira wa tairi, ncha ya chini ina kikanyagio. Kisigino kikisukuma, ncha ya juu inarudi na kuibana pete kwenye kile kidole cha ekseli. Kisigino kikilegea, ukanda wa mpira wa tyubu unauvuta mkono na pete inakuwa huru. Lile jiliwa la skrubu nililiweka kando ili nirudi nalo Lodwar.

Mhunzi aliketi. Akaweka pete, akasukuma. Mke wake alikuwa amepiga magoti tayari, koleo mkononi, kwa mazoea.

Pigo la kwanza lilikuwa lile la kufukuza nzi. Alitazama mahali ambapo vidole vya mkewe huwa. Hapakuwa na vidole. La pili lilikuwa zito, na pete haikutikisika. Akaachia, akazungusha, akashika. Akapiga. Baada ya mzunguko mmoja mzima hakuwa akitazama tena kikanyagio, wala mimi, wala mkewe. Makali meupe yalikuwa yakitokea ukingoni mwa chuma.

Mama aliweka koleo chini. Akainuka, akajipangusa mchanga gotini, akachukua kikapu kilichosukwa nusu na kuelekea kivulini.

"Wewe!" mumewe akaita bila kuinua macho. "Na mivukuto?"

"Uko na mguu ingine."

"Si nilisema hiyo ni mjinga?"

Mama alikuwa ameshaketi, akinyoosha vidole vyake kimoja kimoja kabla ya kuanza kusuka.

"Mivukuto haitaki akili," alisema.