Mistari Sita Isiyo na Dawa

Nina kinyongo na mdudu, na sioni haya kusema. Nilipokuwa darasa la sita, viwavijeshi waliyamaliza mahindi yetu yote hapa nje ya Laela. Msimu ule mama alitupakulia uji wa ulezi akisema yeye amekwisha kula jikoni. Mwosha sufuria nilikuwa mimi, nikajua hakuna alichokula.

Chuoni nilijifunza kuchemsha majani ya utupa, ule mmea wa sumu ya kuvulia samaki, kuyachuja, kisha kumimina maji yake kwenye mrututu, ile chumvi ya shaba ya buluu. Ukisubiri, buluu inapotea, maji yanakuwa ya rangi ya chai. Humo shaba imegeuka chembe ndogo mno, hata darubini ya maabara yetu haizioni. Nikarudi nyumbani na dawa hiyo na bomba la mgongoni la kupulizia. Nilipulizia mistari sita ya mahindi ya mama, mingine sita nikaiacha bila dawa, ili ionekane kwamba kilichoua viwavi ni dawa, si mvua.

Mama akaitazama ile iliyoachwa. "Hii imekukosea nini, mwanangu?"

"Ni ya kulinganisha, mama."

"Kwa hiyo hawa unawafuga."

Wiki ya tatu, kwenye mistari yenye dawa, nilikuta viwavi wamekaukia ndani ya majani ya mahindi. Nilicheka peke yangu, nikawatemea mate. Nikavuka upande wa pili. Huko walikuwa wanono, wamejaza kinyesi kama unga wa mbao. Nikaikumbuka sufuria. Nikavaa bomba, nikapuliza mistari yote sita hadi likatoa hewa tupu, huku nikiwatukana kwa Kifipa, maana matusi ya Kiswahili hayakunitosha.

Mwalimu wangu wa chuo alipokuja kukagua, alikuta kijani kitupu. "Ya kulinganisha iko wapi?"

Nikakiri. Akafunga daftari. "Rudia msimu mwingine. Hapa huna ushahidi, una mahindi tu."

Hasira hasara. Viwavi wale wale walinilia mwaka mwingine, na safari hiyo niliwasaidia mwenyewe.

Msimu huu nimepanda upya. Juzi niliwakuta tena wanono kwenye mistari isiyo na dawa, mkono ukaenda wenyewe kwenye bomba. Mama akaniwahi.

"Weka chini. Waache wale."

"Wewe ndiye unayesema hivyo, mama?"

"Mwaka ule walikula hakuna aliyeandika. Sasa andika."

Nikainama na daftari, nikaanza kuwahesabu. Yeye akalikalia bomba hadi nilipomaliza.