Samaki Asiyepanda Mizani

Baba yangu ana bucha, na mwenye bucha huamini kitu kimoja tu duniani: mizani. Kisichopanda mizani hakipo. Mapenzi, heshima, ahadi za wagombea, vyote hivyo kwake ni hewa, na hewa haifungwi kwenye karatasi. Kwa hiyo alipokuwa akimwita dada yake mwongo, hakuwa na chuki hata chembe. Alimaanisha tu kwamba hajawahi kumpima samaki hata mmoja wa dada yake.

Na samaki hao, kwa maelezo ya Shangazi, walikuwa wengi.

Shangazi ni msusi. Saluni yake na bucha ya Baba zimetenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, ndiyo maana wanaume wanaosubiri maini hujua ni nani kaachwa na nani kabla hata wahusika hawajaambiwa. Wiki nzima anasuka, anakausha, anapaka rangi kucha, na kuwaapia wanawake wenye nywele tatu kwamba nywele zao zina afya. Jumapili hufunga mlango, huvaa suruali ya mpira inayopanda mpaka kifuani, huchukua fimbo ya kuvulia na wavu mdogo wa mkono, na kushuka mtoni, chini ya ukuta wa bwawa la umeme. Maji ya pale hutokea chini kabisa ya bwawa, ya baridi mwaka mzima, na trauti ni samaki mwenye maringo, hakai kwenye maji ya vuguvugu. Anawavua kwa nzi. Baba alipoambiwa habari hiyo mara ya kwanza alidhani anasemwa yeye, akataka kujua ni nani aliyesema bucha yake ina nzi. Kumbe ni nzi wa kutengeneza: ndoana ndogo inayofungwa manyoya na nyuzi kwa ustadi mpaka samaki aione ni mdudu aliyeanguka majini.

Alivyoanza ni kisa chenyewe. Mumewe alikuwa fundi wa mitambo kule bwawani. Kila Jumapili alitoka nyumbani ameoga, anapiga mluzi, akarudi jioni amechoka na ameridhika, hana hata hamu ya kugombana. Mwanamke yeyote mwenye akili zake angejua pana mtu. Shangazi alijua. Akavaa viatu visivyo na kelele, akamfuata mpaka mtoni kwenda kumfumania. Akamkuta amesimama majini hadi magotini, peke yake, anarusha mshipi na kuuvuta, huku anambembeleza mtu asiyeonekana: "Njoo, mama. Njoo taratibu, usiogope." Shangazi akajibanza kichakani amesaga meno, akingoja huyo mama ajitokeze. Alipojitokeza, alikuwa na mapezi.

"Nilipomwona alivyong'aa," husema Shangazi, "nikasema, kwa huyu hata mimi ningetoka nje ya ndoa."

Akavua viatu, akaingia majini. Tangu siku hiyo wakawa wanatoka wawili. Mumewe alipofariki ndugu waligawana makoti, redio, mpaka mikanda ya suruali. Fimbo haikuombwa na mtu. Ilibaki nyuma ya mlango, na Jumapili iliyofuata baada ya matanga haikuwepo nyuma ya mlango.

Tatizo lilikuwa moja. Kila samaki aliyemvua alimfungua ndoana, akamrudisha majini. Ukimuuliza kwa nini, anakushangaa. "Nikimla leo, Jumapili ijayo nitamdanganya nani?" Kwa hiyo miaka yote hiyo hakuleta nyumbani hata gamba. Alileta hadithi, na hadithi zote ziliishia kwa trauti mmoja aliyekaa kwenye kimvuli cha jabali, pale handaki la bwawa linapotapika maji. Mnene, hafanyi kazi yoyote, chakula kinaletwa na mkondo mpaka mdomoni, na mdogo akijisogeza anafukuzwa. Shangazi hakuhangaika kumtafutia jina. Alimwita Mkurugenzi. Aliapa kwamba aliwahi kumnasa, akamshika kwa mikono miwili, akamwachia.

"Samaki hewa," Baba alisema. "Kama wale wafanyakazi wa serikali. Jina lipo, mtu hayupo."

Mambo yalifika ukingoni siku Shangazi alipoingia buchani kuomba mkia. Foleni ilikuwa ndefu.

"Kaka, naomba mkia wa ndama. Mweupe, kama unao."

"Wa supu?"

"Wa nzi."

Foleni ikaguna. Baba akaegemea gogo la kukatia. "Dada, nimekupa manyoya ya jogoo, nimekupa mikia, nimekupa mpaka nywele za sikio la mbuzi. Wewe umenipa nini?"

"Niliwarudisha."

"Wote? Mto mzima ni wajomba zako?"

"Labda anawasuka kwanza," alisema fundi viatu aliyekuwa wa tatu kwenye foleni, "ndipo anawarudisha." Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Shangazi hakucheka. Aliuchukua mkia, akaukunja kwenye kitambaa, akasema kwa sauti ile anayowaambia wateja watulize kichwa. "Jumapili njoo wewe mwenyewe. Usipomwona Mkurugenzi kwa macho yako, fimbo ya marehemu naileta hapa. Uipigilie ukutani, uning'inizie utumbo."

Kicheko kikakatika. Kila mtu pale alijua fimbo ile ilikuwa ya nani.

Baba naye alishtuka, lakini mwanamume hashtuki mbele ya foleni. "Na nikimwona?"

"Utasimama hapo hapo, kisu chini, uwaambie hawa."

"Nakuja na mizani."

"Njoo na bucha nzima, kaka."

Mchana ule Shangazi alimfunga nzi wake katikati ya kazi. Nywele nyeupe za mkia wa ndama zikawa mabawa. Kwa kiwiliwili alichomoa nyuzi chache za rangi ya shaba kutoka kwa mteja aliyekuwa chini ya kikaushio.

"Shangazi, hiyo si nywele yangu?"

"Ilikuwa yako," alisema Shangazi, "na hata hapo ilikuwa ya dukani."

Akaziba fundo kwa tone la rangi ya kucha. Uzi ulimponyoka mara mbili, yeye ambaye husuka huku anatazama barabarani. Kisha akaifuta fimbo yote, kutoka kishikio mpaka ncha, kwa lile taulo jeupe linalotolewa kwa mabibi harusi peke yao.

Jumapili tulishuka watatu. Baba alivaa buti zake za bucha na kubeba mizani ya kuning'iniza ndani ya mfuko. Mimi nilikwenda kwa sababu ndugu wawili wakibishana hivyo lazima awepo wa kuwasindikiza nyumbani. Juu yetu ukuta wa bwawa ulikuwa mrefu na wa kijivu, nyuma yake mitambo ikinguruma kwa mbali. Kwenye nguzo palikuwa na kibao: ukisikia king'ora, toka majini.

Basi nimewahi kuwaona watu wakipewa digrii, na nimewaona wakiapishwa, lakini sijawahi kumwona mtu akiwa mahali pake kama Shangazi mtoni. Mwanamke yule yule anayelalamika magoti akipanda ngazi za benki alitembea juu ya mawe yenye utelezi kana kwamba ni sebuleni kwake. Mkono ukarudi nyuma, mshipi ukachora duara hewani, ukaenda mbele, na nzi akatua majini bila hata kuamsha kiwimbi. Nilitamani foleni yote ya bucha ingekuwepo.

Ila Mkurugenzi hakuwepo. Asubuhi ikaenda. Baba akakaa jiweni anakula mkate.

"Yuko kwenye kikao?"

"Nyamaza, kaka."

"Au semina. Wakubwa hawa hawaishi semina."

Adhuhuri ikaenda nayo. Shangazi hakurusha tena. Alisimama tu akilitazama jabali, nzi kamshika kiganjani. Baba naye akaacha utani. Alianza kuitazama fimbo, nami nilimjua: alikuwa anatafuta namna ya kushinda bila kuipigilia ukutani.

King'ora kikalia.

Baba akasimama, akajipangusa makombo. "Haya, dada. Twende. Tutasema jua lilikuwa kali."

"Bado," alisema Shangazi.

Kumbe ndicho alichokuwa anakingoja. Mitambo inapofunguliwa, maji ya kwanza hutangulia machache, yakizoa wadudu wa kwenye mawe, na bwana mkubwa huamka kupokea chakula kabla mkondo haujawa mkali. Dakika chache tu, kisha lazima utoke. Maji yakaanza kutikisika kandokando ya jabali. Shangazi akarusha mara moja. Mkia wa ndama kutoka bucha ya Baba ukaelea na povu, ukapita mbele ya kimvuli, na mdomo mpana ukafunguka chini yake bila haraka, kama mtu anayepokea alichozoea kuletewa.

Fimbo ikapinda mpaka nikafumba macho. Nilipofumbua, Shangazi alikuwa anarudi kinyumenyume kuelekea ukingoni, anaachia mshipi, anavuta, anaachia, huku anabembeleza: "Njoo, baba. Taratibu. Njoo."

"Kaka, wavu."

Baba aliingia na buti zake, maji yakamjaa ndani, akamkinga kwa wavu. Mkurugenzi alikuwepo: tumbo la dhahabu, madoa meusi, taya limepinda kwa uzee na dharau. Maji yalikuwa yamepanda kutoka kifundoni mpaka nusu ya muundi.

"Umemwona?" Shangazi aliuliza, anahema.

"Nimemwona."

"Basi mpime." Alisema hivyo, lakini aligeuza uso.

Baba alitoa mizani. Ile mizani ina kulabu moja, na kulabu ile haijawahi kushika kitu chenye pumzi. Alichuchumaa, akaingiza mikono chini ya samaki ili amnyanyue. Hakumnyanyua.

"Dada. Anapumua."

"Ulitaka afanyeje?"

"Kitu kinagonga hapa. Kwenye kiganja."

Nikamtazama baba yangu. Tangu ujana wake nyama zote zilimfikia zikiwa zimetulia, hazina neno. Hii ilikuwa na neno. Aliitazama kulabu, akamtazama samaki, akaitazama tena kulabu, kisha akairudisha mizani mfukoni, mshale wake uko pale pale kwenye sifuri.

"Nifanyeje?"

"Mwelekeze kichwa mkondo unakotoka, apate pumzi. Usimsukume. Ataondoka mwenyewe."

Alimshika hivyo, mtu aliyezoea kukata mfupa kwa pigo moja, utadhani kashika mtoto wa siku arobaini. Mkurugenzi akakaa kidogo mikononi mwake, akakusanya cheo chake, akampiga mkia wa uso na kuondoka. Shangazi alilazimika kumvuta kaka yake kwa ukosi wa shati. Tulipofika juu ya ukingo, mawe tuliyosimama yalikuwa yameshamezwa.

Jumatatu foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Baba aliweka kisu chini, akafuta mikono, akasimulia. Alisimulia jabali, kimvuli, nzi, taya.

"Kilo ngapi?" aliuliza fundi viatu.

Baba akainua macho. Juu ya kichwa chake mizani ilikuwa inaning'inia. "Sikumpima."

Ah, watu walicheka. Walimwomba nusu kilo ya samaki hewa. Wakamwuliza kama alimsuka kabla ya kumrudisha. Baba, shingo imemvimba, akatanua mikono kuonyesha urefu. Wakazidi kucheka, akazidi kutanua, mpaka mkono wa kulia ukagonga ukuta wa saluni.

Shangazi akaingia, kitana kimechomekwa kichwani, mteja aliyesukwa upande mmoja kamfuata nyuma asipitwe. Hakusema na foleni. Alimshika kaka yake viwiko, akairudisha mikono ndani, kidogo, kidogo tena, halafu akasogeza kidole kimoja nje kwa upana wa punje.

"Hapo," alisema. "Sisi wavuvi hatuongezi."

Baba aliiacha mikono pale pale ilipopangwa. Akawatazama wateja mmoja baada ya mwingine, kuanzia fundi viatu, na kisu hakikuguswa mpaka wote walipokubali.