Wimbo Ndani ya Handaki

Wiki hii wamefungua kituo kipya cha treni za chini ya ardhi karibu na kwangu. Niliposhuka ngazi nilinusa chuma cha breki kilichopata moto, nikarudi utotoni, Durban.

Nilikuwa nikimsindikiza mama saluni, alikokuwa akisuka watu nywele. Tulikuwa wageni, tumetoka Kongo. Kule mama aliongoza kwaya, lakini tangu tumzike baba njiani hakuwa ameimba tena.

Asubuhi moja treni yetu ikaingia handakini na taa za behewa zikazimika.

“Mama, iko giza!”

“Nishike,” alisema. Akanivutia kifuani.

Ndipo mwanamke mmoja wa Kizulu akaanzisha wimbo wa kanisa. Behewa zima likaitikia. Wanaume walipiga mabati kwa viganja mpaka kiti kikatikisika chini yangu. Sijawahi kusikia kitu kikubwa namna ile. Kisha, karibu kabisa na sikio langu, ikapanda sauti nyingine, kwa maneno ya Kiswahili. Nilichelewa kuitambua.

Tulipotokeza kwenye mwanga, mama alikuwa amefumba macho, bado anaimba. Kituo chetu kikafika, kikapita. Sikumwambia.