Fremu Iliyoanikwa Taulo

Kuna asubuhi moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka akilini, na nitakuhadithia hiyo kwanza, mwanangu, kabla hujanionyesha picha nyingine kwenye hiyo simu yako. Vigae nimeviona. Maua nimeyaona. Hata wale samaki wa kwenye kioo pale mapokezini nimewaona, wanono kweli. Unasema hiyo nyumba ya wagonjwa huko Parklands ndiko utakakompeleka baba yako, Mzee Wekesa, jirani yangu, arudishe nguvu baada ya kiharusi. Sawa. Lakini mbona katika picha zote hizo sijaona mgonjwa hata mmoja amesimama? Haya, weka simu chini. Kunywa chai.

Wakati huo nilikuwa kijana wa kubeba nyama hapa Dagoretti, kwenye kichinjio. Sakafu ilikuwa na maji, mimi nilikuwa na nusu ya ng'ombe begani na maringo mengi kichwani, nikateleza. Mguu ukavunjika chini ya goti. Hospitali wakanifunga plasta, na walipoitoa daktari akasema nitembee kidogo kidogo kila siku, mguu usije ukasahau kazi yake. Mama yangu alisikia yote isipokuwa hilo la kutembea. Alinilaza, akanilisha uji kwa kijiko, akaniletea beseni la kunawa kitandani, na kila jirani aliyepita akasema, "Kijana huyu ana mama!" Nami nikanenepa kama hao samaki wako.

Basi asubuhi hiyo akaja nyanya yangu, mama yake mama, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alimtazama binti yake na kijiko, akanitazama mimi nimefungua mdomo, na ndevu zimeshaanza kuota. Akachukua kikombe cha chai mkononi mwa mama, akakipeleka mpaka mlangoni, akakiweka juu ya kigoda. "Chai yako iko hapa," akaniambia. Mama akaanza kulia, eti mtoto ataanguka. Nyanya akamgeukia.

"Huyu kijana unamuuguza ama unamzika?"

Nilimchukia, sikufichi. Nilikaa kitandani nimenuna mpaka chai ikaota ngozi juu. Halafu nikashuka, nikashika ukuta, nikalia, nikamtukana nyanya kimoyomoyo, nikafika. Chai ilikuwa imepoa kabisa, na sijawahi kunywa chai tamu kama ile. Nyanya hakunisifu. Kesho yake kikombe alikiweka nje, karibu na banda la kuku.

Sasa unielewe kwa nini mwaka huu nilitaka kurarua nguo. Unajua Mama Njeri, mke wangu, alianguka hapa uani akavunja nyonga. Wakamfanyia upasuaji, na siku ya kutoka hospitali nilimwona kwa macho yangu akienda chooni kwa ile fremu ya chuma ya kutembelea, polepole, nesi kando yake, huku akinilaumu kwamba nimekuja na koti chafu. Kilichobaki kilikuwa mazoezi tu. Njeri wetu, ambaye ni kifungua mimba na kwa hiyo anajua kila kitu, akasema nyumba yetu ina ngazi na mimi nimezeeka. Akatafuta mahali Hurlingham, ndani kidogo ukitoka barabara ya Argwings Kodhek, nyumba ya kuuguza watu na kuwarudishia viungo. Akaenda kuiona na ndugu zake. Wakaona nini? Vigae. Maua. Samaki kwenye kioo, kama hao wako. Metroni mwenye Kiingereza cha kumeremeta. Jioni picha zikajaa kwenye grupu la familia na kila mtu akaweka vile viganja vya kuomba. Mimi nikauliza, "Mazoezi yanafanywa lini, na nani?" Wakazidi kuweka viganja. Labda kwa sababu swali langu halikuwa na picha.

Baada ya wiki mbili hivi, Jumapili tukaenda kumwona, jeshi zima, sisi na dada zake na kina mama wa kanisa waliobeba mafuta ya kupikia na tishu kana kwamba amejifungua. Akaletwa kwenye kiti cha magurudumu, amefunikwa shali safi, nywele zimesukwa, anang'aa. Nesi wa pale, msichana mpole kwa kweli, akakata keki akamlisha. Dada yake mmoja akapiga makofi. "Ai, Wambui, hapa unachungwa kama malkia! Hata kijiko hushiki!" Wote wakacheka kwa furaha.

Mwanangu, mke wangu alivunjika nyonga! Mikono ilikuwa na nini? Mikono yake ni mizima, ile ile inayomaliza kumnyonyoa kuku kabla hujauliza maji yamechemka. Lakini sisi watu wetu ndivyo tulivyo. Tukitaka kumheshimu mzee, tunamnyang'anya kazi zote, kisha tunashangaa amekuwa gogo. Nikamuuliza nesi kama anatembea. Akatabasamu, akatuita babu na bibi kwa lugha yetu. "Usijali, guka, hatutaki shosho aanguke."

Nikamtazama Mama Njeri. Alikuwa ameinamisha macho mapajani mwake. Tukaomba, tukaimba, tukapiga picha, tukaondoka. Njiani Njeri akaniambia, "Baba, si umeona vile amependeza? Wewe hupendi tu kitu yoyote hujachagua wewe." Damu ilinichemka, lakini gari lilikuwa limejaa wageni.

Jumanne asubuhi nikavaa koti lile lile chafu, nikaenda peke yangu. Mlinzi wa getini akaniambia saa za wageni ni alasiri. Nikamwambia mimi si mgeni, mimi ni mume. Akasema sheria ni sheria. Nikamuuliza kama mke wangu amelazwa au amefungwa, na sauti yangu, kama unavyoijua, niliirithi kwa yule nyanya. Akafungua ili ninyamaze.

Ndani kulikuwa safi, sikatai. Kulinukia sabuni ya maua. Wazee walikuwa wamepangwa kwenye viti mbele ya televisheni inayoonyesha mapishi, na hakuna aliyekuwa akiyatazama. Njeri alikuwa amepasifu sana, eti pametulia. Watu waliokuja kujifunza kutembea watulie vipi? Mahali kama hapo nilitarajia kelele. Vyuma vigonge sakafu, mzee mmoja alalamike kwamba anateswa, mwingine agome katikati ya njia abembelezwe. Pale ungesikia nzi akipita.

Mama Njeri nikamkuta chumbani, kwenye kiti chake. Nikaitafuta ile fremu. Ilikuwa nyuma ya mlango, imeanikwa taulo. Ngai, Mungu wangu! Kile chuma cha kumrudishia mke wangu miguu kilikuwa kamba ya nguo, na taulo zilikuwa zimekauka zamani, hata zimekakamaa.

Akanishika mkono, akaniinamisha sikio mpaka mdomoni mwake, mwanamke ambaye maisha yake yote hajui kunong'ona. "Baba Njeri," akasema, "nikiomba kwenda choo wananiambia nimevaa daipa, nijisaidie tu hapo hapo. Lakini mimi naskia mkojo. Nashikilia mpaka nashindwa."

Ngoja nimeze chai kidogo.

Huyo ni mwanamke ambaye tangu tuoane hajawahi kuniruhusu nifungue mlango wa bafu akiwa ndani, hata nyumba iwe inaungua. Na sasa nikaelewa alikuwa akitazama nini Jumapili ile sisi tukiimba. Alikuwa ameshindwa palepale mbele yetu, chini ya ile shali nzuri, huku dada yake akimwita malkia. Nilitaka kulia na nilitaka kupiga mtu, yote mawili kwa pamoja.

Nikamwita yule nesi. Akaja mbio, mpole vile vile. "Hakuna shida, guka, shosho ana daipa."

"Shida iko!" nikamwambia. "Ana miguu!"

Taulo nikazitupa kitandani, fremu nikaivuta mbele ya kiti. Msichana akaogopa kweli, macho yakamjaa maji. "Guka, akianguka ni mimi nitafutwa. Na tuko wawili pekee yetu kwa hii wadi yote." Hapo hasira yangu ikakosa pa kukaa, mwanangu, kwa sababu yule mtoto hakuwa mbaya. Mbaya ni yule aliyepata pesa ya kufuga samaki mapokezini akakosa ya kuajiri mtu mwingine wa kushika mkono wa mgonjwa. Nikamwambia nesi, "Shika upande huo, mimi nashika huu. Akianguka tutaanguka naye."

Akanyanyuka. Miguu iliyotoka hospitali ikitembea ilikuwa imekonda na kulegea, na hakuwa amekaa pale muda mrefu wa kusema. Magoti yalitetemeka mpaka fremu ikawa inalia. Alipiga hatua, akapumzika, akapiga nyingine, akaniambia niache kumvuta kwani yeye si mbuzi. Tukafika mlangoni mwa choo, akanyoosha mkono kushika kitasa, na papo hapo mkojo ukamshinda. Nesi akaziba mdomo. Mimi sikujua niangalie wapi. Mama Njeri akabaki amesimama, wima, analia na kucheka.

"Si kitu," akasema. "Angalau leo nilikuwa naenda."

Nikampigia Njeri palepale kwenye korido. Akaanza, "Lakini Baba, hao watu wanamfanyia kila kitu." Nikamweleza habari ya daipa, halafu nikamuuliza lile swali la nyanya yangu, mama yake anamuuguza ama anamzika. Kisha nikasikia anapenga kamasi, akasema anakuja na gari.

Siku hizi yuko hapa nyumbani, kama ulivyomsikia ukiingia, akinigombeza kutoka jikoni. Hizo ngazi za Njeri tumezizunguka, tunalala chini sebuleni, ni kitanda tu kilichohama. Mtaalamu wa mazoezi huja kumtesa, na akiondoka anatukanwa mpaka getini. Chai yake naiweka mezani kule jikoni, simpelekei kitandani, na kila asubuhi ananiita mchawi. Lakini sikudanganyi, miguu haijarudi yote. Zile wiki alizokalishwa ziliondoka na kitu ambacho daktari hana hakika kama kitarudi. Hilo ndilo linaloniuma ninapoziona picha zako.

Sikukatazi kumpeleka baba yako. Mzee Wekesa ni mzito, mkeo anafanya kazi, na nyumba nzuri za kuuguza zipo. Ila nenda mwenyewe, siku wasiyokutarajia, asubuhi watu wanapoamshwa na kuogeshwa, wala usiende na kina mama wa kanisa. Sikiliza kama kuna kelele za watu wanaojaribu. Vishikio vya vile vyuma vya mazoezi vichunguze, kama vimechakaa kwa kushikwa au vina vumbi. Uliza usiku wanabaki wauguzi wangapi, na ukijibiwa kwa tabasamu uliza tena. Baba yako mkono wa kushoto umelala, kwa hiyo angalia kikombe chake cha maji kimewekwa upande gani. Kikiwa kushoto, jua maji yale ni ya kuonyesha wageni. Usiulize kama anakula vizuri, ng'ombe wa kunenepeshwa pia anakula vizuri. Uliza wiki iliyopita aliweza kufanya nini na wiki hii anaweza nini. Halafu funga mlango, uiname karibu naye, umuulize yeye mwenyewe nani anampeleka chooni, kwa sababu kuna mambo mzee hatayasema mbele ya watu hata umlipe. Ukimkuta amenuna, analalamika kwamba wanamchosha, washukuru hao watu, wanafanya kazi. Na tafadhali, mwanangu, nisikusikie hata siku moja ukipasifu mahali kwa sababu baba yako hashiki kijiko. Kama mkono wake wa kulia unaweza, mwache ashike, amwage supu yote kifuani. Shati litafuliwa.

Haya, chukua simu yako, na ukitoka pitia jikoni umsalimie Mama Njeri, lakini usimsaidie kubeba chochote. Mungu amrudishie Mzee Wekesa mkono wake na ulimi wake, aje anibishie tena hapa kama zamani. Akupe wewe macho ya kuona na mdomo wa kuuliza bila haya. Na siku yako ikifika, mwanangu, nawe ukaomba kwenda chooni, akuwekee karibu mtu atakayekushika mkono na kukwambia, "Haya, twende."