Wacha Apumue

Wiki jana lifti ya jengo letu hapa Kileleshwa iligoma, binti yangu akapanda ngazi mbio hadi juu. Aliingia akihema. Kabla hajatua begi nilikuwa nimemshika kidevu, namwambia afungue mdomo ninuse pumzi yake.

"Mathe, ni ngazi tu!" akasema akicheka. "Unaninusa kama maziwa ya jana!"

Nilicheka naye, lakini moyo wangu ulikuwa umeshafika Kinoo, kwenye ploti nilikokulia. Keti basi, nikusimulie.

Unaijua baridi ya Julai kule juu. Ukungu ulifunika kila kitu, tukawa tunasikia malori ya barabara kuu bila kuyaona. Vyumba vyetu vya mabati vilitazamana, tangi la maji likiwa katikati, na jioni ua wote ulinukia mahindi ya kuchoma na omena, vile visamaki vikavu vya mama. Mama alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya. Mrenda wake, ile mboga ya kuteleza, hakuupika bila kijiko cha magadi, na alipokitia, sufuria ilitoa povu nasi tukakimbilia kutazama.

Kuteka maji ilikuwa kazi yangu na dada yangu mkubwa. Msimu ule dada alianza kunywa maji kupita kiasi. Tulijaza mtungi, naye kikombe hakimtoki mkononi.

"Wewe utamaliza tangi, landlodi atufukuze," mama alimtania.

Alikuwa pia amekonda, sketi ya shule inashikwa na pini. Majirani walisema anarefuka, nasi tukaamini, kwa sababu ni habari njema na habari njema haichoshi kuamini.

Jumamosi moja tulikuwa tukifua nguo. Dada aliacha shati ndani ya beseni, akaketi chini, akaanza kupumua kwa nguvu. Hakuwa amekimbia popote. Pumzi zilikuwa ndefu, nzito, za haraka, kama mtu anayepanda mlima huku ameketi. Mdomo wake ulinuka nanasi lililoiva kupita kiasi.

"Nani amekupa nanasi?" mama aliuliza. Dada alitikisa kichwa tu.

Mama alidhani ni kifua. Alichemsha maji, akamfunika dada blanketi ili avute mvuke. Mimi nilimshika mkono nikamwambia, "Pole pole, dada. Pumua kama mimi." Nilivuta pumzi taratibu ili aniige. Alijaribu. Macho yake yalinitazama kwa hofu, na kila alipopunguza pumzi alizidi kulegea.

Hapo ndipo jirani yetu nesi aliporudi kutoka kazini Upper Hill. Alisimama mlangoni, akanusa, akaling'oa blanketi.

"Mama, huyu si kifua. Tafuteni gari sasa hivi." Kisha akanigeukia. "Na wewe, kasichana, usimzuie. Wacha apumue. Hiyo pumzi ndiyo inamshikilia."

Landlodi alitupakia kwenye pikapu yake ya mboga. Njia nzima nilisikiliza. Mwanzo niliogopa zile pumzi nzito. Tulipokwama kwenye msongamano nikaanza kuogopa zisije zikakoma. Mama alikuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo, akirudia mstari mmoja kana kwamba mingine ameisahau.

Hospitalini walimchoma kidole, wakasema ni sukari, wakamwekea dripu na insulini. Tuliketi kwenye benchi hadi mama akaitwa. Alirudi akiwa amejifunika uso kwa leso, nami nikajua nimebaki peke yangu. Kumbe alikuwa akilia kwa furaha. Dada alikuwa ameamka, na jambo la kwanza aliloulizia ni kama nimemaliza kufua shati lake.

Miaka ilipita kabla sijaelewa. Nikiwa kidato cha tatu, mwalimu wa kemia aliweka bika mbili mezani, moja ya maji matupu, nyingine ya mchanganyiko aliouita bafa. Alitia rangi ya kupimia asidi, zote zikawa kijani. Akadondosha asidi. Maji yakawa mekundu papo hapo. Bafa haikushtuka, tone baada ya tone, kijani kilekile.

"Haijaikataa asidi, imeimeza," alisema. "Lakini msidanganyike, tumbo lake lina mwisho." Akaendelea kudondosha mpaka nayo ikawa njano, kisha nyekundu.

Halafu akasema damu yetu nayo ina bafa. Ina bikabonati, ndugu wa karibu wa yale magadi ya mama. Bikabonati huishika asidi na kuigeuza maji na hewa chafu, na mapafu huitoa nje ile hewa. Mwili ukikosa insulini huchoma mafuta, asidi ikamwagika kwenye damu kwa wingi, bikabonati ikawa inaisha, na mapafu yakalazimika kufanya kazi mbio mbio. Bafa haimponyi mtu. Humpa muda tu, msaada ufike.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya maabara. Dada alikuwa akifukuza asidi kwa kila pumzi, nami nilikuwa namwomba apunguze.

Leo pale Kinoo pamesimama magorofa. Tangi halipo, mama hayupo, na nesi alihamia kwao bila kutuachia namba. Dada yupo, anajidunga sindano zake na kunikemea nikimpigia simu mara nyingi. Lakini kuna kitu kimoja sikukipata tena: ule usingizi wa bila kusikiliza. Mimi naye tulilala kitanda kimoja, mgongo kwa mgongo, na miaka yote kabla ya Jumamosi ile alipumua karibu na sikio langu nami sikuwahi kumsikia.