Kokoto za Mwenyekiti

Acha nijicheke mwenyewe kabla hamjanianza. Ukumbi wa zamani wa kigango chetu hapa Kibosho ulipobomolewa, mimi, mwenyekiti wa ujenzi, nilikataa katakata kununua kokoto mpya.

"Tusage kifusi hiki hiki, tutunze mazingira!" nikahubiri.

Kina mama wakajitolea kukiponda kwa nyundo. Nikawaambia huo ni ushamba, kule chini mjini, Njoro, kuna mashine ya kusaga mawe. Basi lori likateremsha kifusi Njoro, mashine ikanywa dizeli kama mlevi aliyepewa pombe ya mbege ya bure, halafu lori likageuza na kokoto kuupanda mlima, likifukiza migomba ya watu moshi mweusi.

Jumapili, kokoto zikiwa bado njiani, padri akaja kuzibariki pamoja na msingi. Nilikuwa kwenye kipaza sauti nikisifu hewa safi ya mlima wetu, lori likaingia tupu.

"Kokoto ziko wapi?" nikamuuliza dereva.

"Mvua imekata barabara, mwenyekiti. Tumezimwaga zote kwenye mashimo, ili lori lipate kuzileta."

Kina mama wakaangaliana. Padri, maji ya baraka mkononi, akaninong'oneza, naye kasahau kipaza sauti kinasikia:

"Mwenyekiti, sasa nibariki nini?"