Majani Ndani ya Tuta

Juzi, tulipomzika mama kijijini Malangali, harufu ya udongo mbichi ilinirudisha kwenye mchana mmoja wa utotoni, shambani. Mama alikuwa akifukia majani ndani ya matuta ili yaoze yawe mbolea. Baba mdogo, ambaye alikuwa ameliacha kanisa letu na kuhamia jingine, alisimama mbele yake akifoka.

"Shemeji, unahangaika bure! Shamba hili, na lile la ujamaa, yote yatateketea kwa moto siku ya mwisho."

Mama alipiga jembe kwa nguvu. "Wavivu ndio wanaochoma shamba. Mungu atatufukia kama majani haya, kisha atatuotesha upya."

Nilitimua mbio nikilia, nikidhani tunafukiwa jioni ile ile.

Juzi makaburini, maziko yalipokwisha, watu walitawanyika. Mimi nilibaki kando ya tuta la mama, nikingoja aote upya.